Namna ya Kulisoma Soko la Mlaji Mkubwa Kabla ya Kuuza Mbaazi

Mkulima wa Nachingwea au Masasi anayetaka kukadiria bei ya mbaazi zake asianzie kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, bali aanzie India, nchi inayolima, kula na kuagiza mazao ya jamii ya kunde kuliko nyingine yoyote duniani.

Elewa kwanza kwamba ukubwa wa mlaji huyo una gharama kwake mwenyewe. Akifungua mlango, mbaazi za nje hushusha bei ya mboga kwa watu wa mjini lakini huwaumiza wakulima wake; akiufunga, wakulima hupumua na walaji huanza kulalamika. Serikali yake huvutwa huku na huku, na kila inapogeuka, sisi wa Kusini mwa Tanzania tunayumba. Mvua zilipokuwa haba mwaka 2014 na 2015, bei ilipanda mno kwao, nasi tukalima kwa bidii. Msimu uliofuata wakavuna sana, bei ikaanguka, na Agosti 2017 wakaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Nakumbuka magunia yaliyobaki ndani kwetu: ukitia mkono, ulitoa punje zilizotobolewa na fukusi, na unga wake ukabaki kiganjani. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, nasi tulimsingizia dalali, ilhali uamuzi ulikwisha kupitishwa ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo, kuanzia Juni hadi Septemba fuatilia habari za mvua za monsuni, kwa kuwa ndizo zinazootesha mbaazi zao, ambazo huvunwa kuanzia Desemba, miezi kadhaa baada ya zetu. Mvua zikisuasua, tarajia mlango kuachwa wazi. Zikinyesha vizuri, usikawie kupeleka mzigo mnadani. Waulize pia viongozi wa chama ruhusa ya kuingiza mbaazi India inakoma lini, maana walipofungua tena Mei 2021 waliitoa kwa miezi michache tu, kisha wakawa wanaiongeza kidogo kidogo.

Shambani, changanya mbaazi na mahindi, na penye nafasi tenga eneo la ufuta, ambao mlaji wake mkubwa ni China, kwani si rahisi walaji wawili wakageuka msimu mmoja. Kabla ya kufunga gunia, ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio, imekauka na inaweza kusubiri mnada unaofuata; ikibonyea, irudishe juani.