Kuwaongoza Wanafunzi wa Darasa la Tano Kuchunguza Wanyama wa Bahari na Namna ya Kuwalinda

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu wa shule za msingi za mwambao, kuanzia Mtwara hadi Lamu, ingawa mwalimu wa bara aliye mbali na bahari anaweza kuutumia kwa kubadilisha hatua mbili za katikati. Kazi nzima inaenea vizuri katika muhula mmoja, kwa vipindi viwili kila wiki.

Kazi za wanafunzi kuhusu bahari huishia mara nyingi kwenye sentensi moja: "Tusitupe taka baharini." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimfai nguva, ambaye katika maji yetu huuawa zaidi na jarife, yaani wavu wa kutega wenye macho makubwa, wala haimfai pweza anayevuliwa kabla hajataga mayai. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya kanuni moja: pendekezo la ulinzi litokane na tishio ambalo mwanafunzi amelichunguza na kulithibitisha mwenyewe.

Hatua ya kwanza: chagua wanyama wachache

Wakiachiwa wachague wenyewe, watoto wengi hutaja nyangumi wa bluu na papa mweupe, wanyama waliowaona kwenye televisheni. Mimi huwapa wanne tu, ambao watu wa mwambao wanawajua au waliwajua: kasa, nguva, papa potwe na pweza. Darasa hugawanywa katika vikundi vya wanafunzi watano au sita, na vikundi viwili vinaweza kuchunguza mnyama mmoja. Mtoto anayeng'ang'ania nyangumi mpe nyangumi wa nundu, kwa kuwa huyo hupita katika maji yetu wakati wa kusi, takriban Julai hadi Oktoba, na wavuvi humwona.

Wanne hao nimewachagua kwa sababu matatizo yao hayafanani. Kasa hutaga nchi kavu, kwa hiyo usalama wake unategemea ufukwe na bahari kwa pamoja. Nguva hula nyasi bahari na huzaa mtoto mmoja tu, tena baada ya miaka mitatu hadi saba, hivyo kumpoteza jike mmoja ni hasara inayochukua miaka mingi kufidika. Papa potwe, ambaye huonekana karibu na Kilindoni, Mafia, hasa kati ya Oktoba na Machi, ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake ni viumbe wadogo sana wanaoelea majini. Pweza naye huishi mwaka mmoja hivi, hukua upesi, na jike hufa baada ya kulinda mayai yake mpaka yaanguliwe. Mwanafunzi akiwaweka wanyama hawa sambamba, ataona mwenyewe kwamba sheria inayomfaa pweza haiwezi kumtosha nguva.

Hatua ya pili: geuza mada iwe swali

"Kasa" ni mada. "Kwa nini kasa hutaga kwenye ufukwe ule na si huu wetu?" ni swali. Kila kikundi kiandike maswali kumi bila kukosolewa, kisha mwalimu awasaidie kubakiza matatu: moja linalohusu maisha ya mnyama, moja linalohusu mabadiliko yaliyotokea, na moja linalohusu kinachomdhuru. Futa kila swali linaloweza kujibiwa kwa neno moja. Swali ninalolipenda kuliko yote, ambalo kikundi cha nguva hulifikia chenyewe kikipewa muda, ni hili: kwa nini mababu zetu waliwaona nguva na sisi hatuwaoni?

Hatua ya tatu: wahoji wavuvi na wazee

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote, na ndiyo inayohitaji maandalizi makubwa zaidi. Kabla watoto hawajaenda popote, mwalimu akutane na mwenyekiti wa kijiji au mtaa na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, awaeleze kwamba hii ni kazi ya shule. Kuna sababu ya kusisitiza jambo hili. Kuvua kasa na nguva ni kosa kisheria, na mvuvi akiulizwa ghafla na mtoto mwenye daftari, "Wewe huvua kasa?", atadhani anachunguzwa, naye atanyamaza au atadanganya.

Kwa hiyo wafundishe wanafunzi kuuliza kwa adabu na kwa mzunguko. Baada ya kusema shikamoo na kujitambulisha, waanze na zamani: "Babu, ulipoanza kwenda baharini mlikuwa mkiona wanyama gani ambao siku hizi hawaonekani?" Kisha wasogee kwenye zana: nyavu zilikuwa za namna gani, mishipi na madema vilitumika wapi, jarife lilianza kutumika lini. Swali la nani anafanya nini lisiulizwe kabisa, na majina ya wavuvi yasiandikwe daftarini. Inatosha kuandika "mvuvi mzee" au "mama mkusanya pweza". Akina mama wasisahauliwe. Katika vijiji vingi wao ndio wanaotembea miambani maji yanapokupwa, na wanayajua mashimo ya pweza kuliko mwanamume anayeondoka alfajiri na ngalawa.

Wazee wengi hawatasema "mwaka 1985". Watasema "kabla ya mvua za El Nino" au "mwaka ule wa tsunami". Mwalimu aandae ubaoni orodha fupi ya matukio kama hayo pamoja na miaka yake: mvua za El Nino zilikuwa 1997 hadi 1998, na tsunami ilitokea Desemba 26, 2004. Kwa njia hiyo mwanafunzi anaweza kugeuza kumbukumbu kuwa mstari wa wakati. Mwaka 1998 una faida ya ziada, kwa sababu joto la bahari lilipopanda mwaka huo matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipauka na kufa, na wazee wengine wataeleza mabadiliko ya mwamba bila kujua kwamba wanasimulia jambo lililoandikwa pia na wanasayansi.

Hatua ya nne: tembeleeni ufukwe

Chagua siku za bamvua, wakati maji yanakupwa mbali, na muwe mmeondoka kabla hayajaanza kujaa. Kila mtoto avae viatu, na mtu mzima mmoja asisimamie zaidi ya watoto wanane. Kanuni ni kutazama bila kuokota: kuna konokono wa bahari mwenye ganda zuri la kuvutia ambaye sumu yake inaweza kuua mtu. Wanafunzi wachore wanachokiona, wahesabu takataka kwa aina zake katika eneo lililopimwa kwa kamba, na waandike ni nyasi bahari au mwamba uliopo mahali hapo. Ikiwa mnakwenda ndani ya eneo la hifadhi, kama vile Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, au Watamu na Malindi zilizoanzishwa mwaka 1968, andika barua ya kuomba ruhusa mapema.

Shule za bara zinaweza kutumia picha. Kila papa potwe ana mpangilio wake wa madoa usiofanana na wa mwingine, na watafiti humtambua kwa madoa hayo. Wape wanafunzi picha sita za ubavu, mbili kati yake zikiwa za papa yuleyule, wazitafute hizo mbili.

Hatua ya tano: soma, linganisha, angalia tarehe

Hapa weka sharti kwamba hakuna taarifa inayoingia kwenye kazi ya mwisho mpaka ipatikane katika vyanzo viwili visivyonakiliana, na kila taarifa iandikwe pamoja na mwaka wake. Mfano bora wa kufundishia umuhimu wa tarehe ni kasa wa kijani. Kwa miongo kadhaa vitabu viliandika kwamba yumo hatarini kutoweka, na wakati huo ilikuwa sahihi. Oktoba 2025, Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya viumbe walio hatarini inayotolewa na shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimwondoa katika kundi hilo kwa kuwa idadi yake duniani imeongezeka kutokana na juhudi za uhifadhi. Wanafunzi wajadili: je, tuache kumlinda? Watagundua kwamba hesabu ya dunia nzima haisemi lolote la hakika juu ya ufukwe mmoja, na kwamba ng'amba, aina nyingine ya kasa ambaye naye hutaga katika mwambao wetu, bado yumo katika hatari kubwa sana. Kuhusu nguva wa Afrika Mashariki habari ni mbaya zaidi, maana mwaka 2022 waliwekwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Kikundi cha kasa kitakutana pia na habari nzito ambayo mwalimu hapaswi kuikwepa. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu inayoweza kuwamo katika nyama hiyo haiondoki kwa kupikwa. Ieleze kwa utulivu, bila kuwalaumu waliofiwa, kwa sababu baadhi ya wanafunzi wako wanatoka katika nyumba ambamo nyama hiyo iliwahi kuliwa.

Hatua ya sita: unganisha tishio na kinga

Kila kikundi kichore jedwali lenye safu nne: tishio, ushahidi, anayehusika, kinachoweza kufanyika. Safu ya pili ikiwa tupu, ya nne haijazwi. Sharti hili huwaudhi watoto wenye haraka, lakini ndilo linalotenganisha uchunguzi na insha ya kawaida.

Kikundi kinachoandika kwamba serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki kitarudishwa kusoma, kwani Kenya ilishaipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Swali linalobaki ni gumu zaidi na lina manufaa zaidi: taka tulizozihesabu ufukweni ni za aina gani, na zinatoka wapi? Kikundi cha pweza kitajifunza kwamba vijiji kadhaa vya Zanzibar, Tanzania Bara na Kenya hufunga sehemu ya mwamba kwa muda, aghalabu miezi mitatu hivi, ili pweza wakue na kutaga, kisha hufungua kwa siku iliyokubaliwa na wote. Waulize ni nani hupata hasara mwamba unapofungwa. Mara nyingi ni mama asiye na chombo, na pendekezo lisilomtaja mama huyo si kamili. Kikundi cha nguva kinaweza kupendekeza jarife lisitegwe juu ya nyasi bahari, na mvuvi aliyenasa nguva hai ajue jinsi ya kumwachia na wa kumpigia simu bila woga. Kasa wanaotaga wanahitaji giza, kwa sababu vifaranga huifuata nuru na taa za majengo huwapoteza njia. Wanahitaji pia mtu wa kulinda kiota kwa takriban siku sitini.

Hatua ya saba: wasilisheni na toeni alama

Waalike wale wale waliohojiwa, pamoja na BMU. Kila kikundi kizungumze dakika kumi, kwa Kiswahili, kikitumia michoro yake, kisha wavuvi wapewe nafasi ya kusahihisha. Masahihisho yao yaandikwe katika karatasi ya mwisho.

Katika alama mia, mimi hutoa thelathini kwa ushahidi, thelathini kwa uhusiano kati ya tishio na kinga, ishirini kwa namna mahojiano yalivyofanyika, na ishirini kwa lugha na michoro. Jedwali la kila kikundi hubaki shuleni, na darasa linalofuata hupewa mnyama yuleyule likianza na safu zilizoachwa tupu.