Kabla hujaagiza Flagyl Kirumba

Dagaa niliotumiwa kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, walifika wamefungwa nailoni tatu, na katikati yake kibahasha cha kaki kilichoandikwa kwa kalamu: 2x3. Ilikuwa Flagyl. Nilikuwa nimempigia dada simu kwamba nawashwa ukeni, naye akaenda duka la dawa akanunua ile tunayoinunua sote. Nikameza. Siku ya nne nikawa siwezi hata kukaa kwenye basi. Kumbe nilikuwa na fangasi, na Flagyl haiui fangasi hata umalize kopo zima.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye mbali, anza kwa kuangalia uchafu wenyewe unaokutoka ukeni. Ukiwa mweupe, mzito kama maziwa mgando, hauna harufu, na muwasho ni mkali, mara nyingi ni fangasi. Dawa ni klotrimazoli ya kuweka ukeni au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150. Uingereza mfamasia anaweza kukuuzia zote mbili bila cheti cha daktari. Marekani klotrimazoli utaiokota rafuni, flukonazoli inataka cheti. Mwenye mimba asimeze flukonazoli. Amwone mkunga au daktari, apewe ya kuweka.

Majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo, hasa baada ya tendo, ni dalili kwamba bakteria wa ukeni wamevurugika. Hapo ndipo Flagyl, yaani metronidazoli, ina kazi, kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa siku 7, na Uingereza na Marekani vidonge vyake ni kwa cheti. Shombo ikikata siku ya tatu, usiache, maliza dozi. Sabuni na ndimu za kujisafishia ndani ziache kabisa, maana zinawaondoa bakteria wazuri wanaolinda uke.

Uchafu wa njano au kijani wenye povu unaweza kuwa trikomona, ugonjwa wa zinaa. Dawa ni hiyohiyo metronidazoli, ila mwenzi wako naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Hata hivyo macho hudanganya, na magonjwa mawili huweza kukaa pamoja. Kipimo ndicho kinachomaliza ubishi. Kule England kliniki za afya ya uzazi na zinaa hupima na kutibu magonjwa ya zinaa bure, hata kama vibali vyako havijakaa sawa. Ukiwa na homa, maumivu chini ya kitovu au mimba, usinunue chochote, nenda siku hiyohiyo.

Kuna jambo daktari wa ughaibuni huenda asikuulize kabisa: kichocho. Ukikulia Kwimba au Misungwi ukioga na kuchota maji malamboni, mayai ya kichocho cha mkojo yanaweza kukaa ukeni na kwenye mlango wa kizazi miaka mingi, yakaleta uchafu, maumivu na damu baada ya tendo. Utatibiwa fangasi, utatibiwa zinaa, na hali itabaki palepale, kwa sababu dawa yake ni prazikwanteli. Mtajie kichocho wewe mwenyewe, umwambie uliogelea wapi na ukiwa na umri gani.