SOMO: Kubadilishana lugha na mwanafunzi wa kigeni, hatua kwa hatua

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa inboksi mara nne jambo lilelile: "Nimempata mwanafunzi wa kigeni, anataka Kiswahili, mimi nataka Kiingereza, tunaanzaje?" Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Kama bado hujampata, ulizia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni au idara ya lugha.

2. Kutaneni mahali pa wazi penye utulivu, mara moja kwa wiki, siku ileile.

3. Saa ya miadi iandikwe kwa namna zote mbili. Ukimwambia "saa nane" anaweza kuelewa nane asubuhi, ambayo kwetu ni saa mbili. Andika: saa nane mchana, 14:00.

4. Kugawa muda. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Mwenzangu wa kwanza alikuwa anaanza Kiswahili, mimi Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha. Kila alipokwama kwenye neno nilimwonea huruma nikahamia Kiingereza, na hatukurudi tena. Muhula mzima ukapita hivyo. Nilijiona mkarimu, kumbe nilikuwa nachukua saa yake yote. Siku moja akafungua daftari lake akanionyesha ukurasa wa Kiswahili: maneno sita, yote ya wiki ya kwanza. Hakugomba. Wiki iliyofuata hakuja, na sikumlaumu.

Kwa hiyo: dakika 30 lugha yake, dakika 30 lugha yako, kwa kengele ya simu. Anzeni na ile iliyo ngumu zaidi kwenu, akili ikiwa bado mbichi. Kengele ikilia, hamia lugha nyingine hata kama hadithi haijaisha. TAHADHARI: usichanganye lugha ndani ya nusu saa moja. Na akinyamaza akitafuta neno, mwache alitafute. Hesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kumsaidia. Kimya hicho ndicho anachojifunzia.

5. Kusahihisha. Usimkatize. Akisema "kitabu yangu kimepotea," wewe jibu, "Ah, kitabu chako kimepotea? Ulikiacha wapi?" Atalisikia. Makosa mengine yaandike, mpitie matatu tu mwishoni.

6. Kila mmoja aje na kitu cha kuzungumzia: picha, habari, hata barua aliyoshindwa kuielewa.

MASWALI

— Mkuu, kila lugha dakika ngapi?

Hatua ya 4. Isome.

— Mimi Kiswahili nakijua tangu kuzaliwa, sina haja nacho. Si bora tuongee Kiingereza tu, nimlipie soda?

Hapo hamjabadilishana chochote. Kama unataka mwalimu, tafuta mwalimu umlipe.

— Je, inaweza kuishia kwenye uchumba?

Mwenzako amekuja kujifunza lugha. Ukienda na nia nyingine, mwambie kabla hajakupa muda wake.

— Mwenzangu ameniuliza kwa nini tunasema "rafiki yangu amekuja", wakati mtu ni "mtu wangu". Nilikosa jibu, nikaona aibu.

Usione aibu dada, swali hilo ni zuri sana. Sisi tunaijua lugha kwa sikio, kanuni hatukufundishwa tukiwa wadogo. Kwa kifupi: rafiki, baba, dada na kaka, majina ya ukaribu yasiyo na kiambishi m- cha umoja (kama cha mtu), huchukua "yangu" kwenye kumiliki. Lakini kitenzi na sifa vinamfuata mtu: rafiki yangu *mzuri* *amekuja*. Mpe mifano mitano atengeneze wa sita. Usipojua, sema "nitakuletea wiki ijayo" na kweli ulete. Mimi sarufi ya lugha yangu nimeijulia kwenye maswali ya wageni.

— Utaratibu huu wa nusu kwa nusu umetoka wapi?

Umekuzwa sana Ulaya. Ujerumani na Ufaransa zilitia saini mkataba wa urafiki mwaka 1963, zikaunda na ofisi ya kukutanisha vijana wao. Kwenye mikutano ya namna hiyo Mjerumani na Mfaransa walikaa wawiliwawili, kila mmoja mwalimu wa mwenzake. Wanauita tandemu, kama baiskeli ya watu wawili: wote mnakanyaga.

— Nje ya mada kidogo: wangu hawezi kabisa kutamka ng'ombe.

Kama anajua Kiingereza, sauti hiyo anayo tayari. Aseme *sing*, aivute ile sauti ya mwisho bila kuikata, halafu aunganishe "-ombe". Akishaweza, mpe ng'ombe na ngoma kwa zamu asikie tofauti. Baadaye mpe barabara: mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, kwenye ya tatu kutoka mwisho ni "sawasawa".

— Asante mkuu. Hiyo ya barabara hata mimi sikuwahi kuifikiria.

Mjaribu Jumamosi, kisha rudi utuambie.