Mambo ya kuzingatia kabla kesi ya jinai haijaanza kusikilizwa

Kama wewe au ndugu yako ana kesi ya jinai katika mahakama ya Tanzania, haya yajue kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani.

Soma hati ya mashtaka neno kwa neno: tarehe, mahali, mali iliyotajwa, jina la mlalamikaji. Ushahidi ukitofautiana na hati, hiyo ni hoja yako.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, tena pasipo kuacha shaka. Hutakiwi kuthibitisha kwamba huna hatia. Lakini usijifariji kwamba "wana shahidi mmoja tu". Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja akiaminika anatosha.

Kama siku ya tukio ulikuwa kwingine, toa notisi ya utetezi huo mapema, kabla usikilizwaji haujaanza. Ukichelewa, angalau maelezo yake yafike kabla upande wa mashtaka haujafunga kesi. Ukingoja mpaka siku ya kujitetea, mahakama inaweza kuupuuza utetezi huo.

Kama unadaiwa kutambuliwa usiku, andaa maswali yako kwa kufuata kesi ya rufaa ya mwaka 1980 ya mtu aitwaye Waziri Amani, inayoeleza jinsi ya kupima utambuzi wa namna hiyo. Mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani? Umbali ulikuwa hatua ngapi? Shahidi alikutazama kwa muda gani? Alikuwa anakufahamu kabla? Na la muhimu kuliko yote: alikutaja kwa nani mara ya kwanza, na lini? Aliyekufahamu kisha akakaa siku tatu bila kukutaja ana la kueleza.

Sasa lile linalowaangusha wengi wasio na wakili. Askari anasimama kizimbani na karatasi mkononi: maelezo ya onyo, yaani yale yaliyoandikwa kituoni, yenye saini au dole gumba la mshtakiwa. Anaomba yapokelewe kama kielelezo. Hakimu anamgeukia mshtakiwa: "Una pingamizi?" Mshtakiwa anajibu, "Sina, mheshimiwa." Moyoni anajiambia kwamba zamu yake ya kujitetea ikifika ataeleza jinsi alivyopigwa. Karatasi inapokelewa. Miezi kadhaa baadaye anaeleza kila kitu, hata makovu anaonyesha, na hukumu inasema hayo ni mawazo ya baadaye, kwa sababu alipoulizwa alinyamaza. Akikata rufaa anakumbana na jibu lilelile.

Pingamizi lina dakika yake, nayo ni kabla kielelezo hakijapokelewa. Simama useme wazi: "Napinga. Sikutoa kwa hiari, nilipigwa." Hapo kesi inasimama kwanza. Mahakama za chini hufanya uchunguzi mdogo, Mahakama Kuu huendesha kesi ndani ya kesi, na upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha hiari. Ndiyo maana fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, na karatasi za hospitali za siku zile ni mali, zitunze. Angalia pia saa. Maelezo yanatakiwa kuchukuliwa ndani ya saa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, bila kuhesabu muda wa kumsafirisha, isipokuwa muda umeongezwa kisheria. Linganisha saa ya kukamatwa na ile iliyoandikwa juu ya karatasi. Usichanganye hoja: "nilipigwa nikasaini" na "sikusaini kabisa" haziwezi kuwa kweli zote mbili.

Hati yoyote ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani. Isiposomwa, andika tarehe. Inaweza kuondolewa kwenye ushahidi wakati wa rufaa.

Kwa vitu vilivyokamatwa, fuatilia mikono: nani alikamata, alimkabidhi nani, vilitunzwa wapi, nani alivipeleka kwa mkemia, viliwekwa alama gani. Jina likikosekana katikati, uliza. Hati ya ukamataji mali usiitie saini ikiwa tupu, na hakikisha shahidi aliyesaini alikuwepo kweli.

Kwenye dodoso, yaani zamu yako ya kumhoji shahidi wa upande wa mashtaka, jambo zito usipomuuliza shahidi huchukuliwa kwamba umelikubali. Kaa na daftari, andika majibu. Usiwafuate mashahidi nyumbani, hata kwa salamu. Dhamana yako inaweza kufutwa. Mambo ya kesi usiyaongee kwenye simu, wala na wenzako mahabusu.