Usukani wa umeme unanatanata? Cheki jointi kwanza

Kama una gari ya sport ya zamani yenye stelingi ya umeme na usukani unanatanata, usikimbilie kununua raki (ile sehemu yenye meno inayogeuza magurudumu), inua mbele kwa jeki uweke stendi, injini izimwe ila loki ya usukani iwe imeachia, halafu zungusha taratibu kwa mkono. Ukigoma mara mbili kila mzunguko ujue ni jointi ya shafti (kiungo kwenye ule mhimili unaotoka kwenye usukani kwenda kwenye raki) imeshika kutu. Pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye vile vikombe vyake vidogo vya beringi, zungusha huku na huku mpaka ilainike kisha tia grisi, yangu ilitema maji mekundu ya kutu kabisa! Jointi ikiwa inacheza badilisha tu, na taa ya stelingi ikiwaka hapo anza na betri na alteneta.