Kutunza jiko la nje la chuma kisichoshika kutu

Jiko la kuchomea nyama husafishwa vizuri likiwa bado na uvuguvugu, kabla mafuta hayajaganda kwenye wavu. Zoa majivu kwanza, kisha sugua kwa sifongo laini, maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, ukifuata mwelekeo wa mistari ya chuma. Usitumie stilwaya: vipande vyake hubaki juu ya chuma na kushika kutu, nawe utadhani ni jiko lenyewe linalooza. Dawa ya madoa yenye klorini ni mbaya zaidi, kwa sababu huharibu utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaokilinda chuma hiki.

Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, kwa hiyo jiko likiachwa likauke lenyewe juani hubaki na madoa meupe. Lifute papo hapo kwa kitambaa kikavu, na madoa yaliyokwisha kukaa yaondoe kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza.

Wavu upake mafuta ya alizeti kidogo, ambayo kwetu hayakosekani. Vumbi la kiangazi linahitaji kifuniko, lakini usifunike kabla jiko halijapoa na kukauka kabisa.