SOMO: Kudai rebeti ya chaja ya gari la umeme nyumbani (Marekani)

Kampuni nyingi za umeme Marekani humrudishia mteja sehemu ya gharama (hiyo ndiyo rebeti) akifunga chaja ya volti 240 nyumbani. Austin Energy ya Texas, kwa mfano, imekuwa ikirudisha nusu ya gharama, kikomo dola 1,200. Wengi huikosa fedha hii kwa kununua kwanza na kusoma masharti baadaye.

Hatua ya 1. Tazama bili ujue nani hasa anakuuzia umeme. Mtaa wa pili unaweza kuwa wa kampuni nyingine. Kisha soma masharti ya mwaka huu. Je, idhini inatakiwa kabla ya kununua? Siku za mwisho zinahesabiwa tangu risiti au tangu ukaguzi? Ni lazima uhamie bei inayobadilika kwa saa?

Hatua ya 2. Chagua chaja iliyo kwenye orodha yao. Jina la chapa halitoshi, linganisha namba ya modeli herufi kwa herufi. Mara nyingi wanataka yenye ENERGY STAR (nembo ya vifaa visivyopoteza umeme) na Wi-Fi, ili waweze kupunguza chaji jioni umeme unapohitajika sana.

Hatua ya 3. Fundi mwenye leseni, na kibali cha jiji. Hapa msilegeze. Gari huvuta umeme kwa saa nyingi mfululizo, kwa hiyo breka (swichi ya kwenye paneli inayojikata umeme ukizidi) iwe asilimia 125 ya ampia za chaja: chaja ya ampia 32 breka ya 40, ya 40 breka ya 50, ya 48 breka ya 60. Waya wa shaba namba 6 (kipimo cha unene) ndani ya bomba unaibeba breka ya 60. Lakini namba 6 hiyohiyo ikiwa ni kebo ya kawaida ya nyumba, NM-B, inaishia ampia 55, na kwa chaja ya 48, inayohitaji 60, haifai. Mkaguzi akiikataa hupati hati ya ukaguzi, na programu (mpango wa rebeti wa kampuni) inayodai hati hiyo haitakulipa.

Hatua ya 4. Ankara itenganishe chaja, vifaa, kazi na kibali, maana programu nyingine hulipia waya tu na nyingine chaja tu. Piga picha ya chaja ukutani, lebo yenye serial namba, na breka. Jina la ankara lifanane na la bili.

MASWALI

Paneli yangu ya umeme (sanduku la breka) ni ampia 100. Lazima nibadilishe?
Usikimbilie, kaka. Fundi apige kwanza hesabu ya mzigo wa nyumba. Chaja iliyowekwa ampia 24 kwenye breka ya 30 hutoa karibu kilowati 5.8. Maili 40 kwa siku ni kama kWh 12, saa mbili na kitu. Paneli mpya inaweza kugharimu zaidi kuliko rebeti yote.

Soketi ya 14-50 (soketi kubwa ya volti 240) au kuunga chaja kwenye waya moja kwa moja?
Unga moja kwa moja, masharti yakiruhusu. Soketi za bei rahisi huungua kwa joto la muda mrefu, na breka ya GFCI (inayokata umeme ukivuja) inayotakiwa kwenye soketi hugongana na kinga iliyomo ndani ya chaja, ikakata usiku. Chaja ya 48 haitumii soketi hiyo kabisa.

Mimi ni mpangaji, dada. Naweza kudai?
Programu nyingi zinakubali, ukiwa na barua ya mwenye nyumba na akaunti ya umeme kwa jina lako. Kama mita ni ya jengo zima, muombaji ni jengo.

Na nafuu ya kodi ya serikali kuu?
Ni fomu 8911: asilimia 30, kikomo dola 1,000, kwa maeneo ya kipato cha chini au yasiyo ya mjini tu. Sheria ya Julai 2025 imeikatia mwisho: chaja iwe imeanza kutumika kufikia Juni 30, 2026.